Mshona Viriba Aliyekataa Mkuki

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Darzawa, uliokuwa pembeni mwa jangwa, aliishi mja mmoja aliyeitwa Zurara bin Ghanimu. Kazi yake ilikuwa kushona viriba, ile mifuko ya ngozi ambayo wasafiri hubebea maji. Hakuwa mwanachuoni, wala hakuwa mtu wa kusimamisha watu njiani na kuwawaidhi. Alisali nyuma ya imamu wake, alifunga Ramadhani yake, alikula jasho lake. Na kama kulikuwa na jambo moja ambalo mji mzima ulilijua juu yake, ni kwamba alikuwa mwoga.

Nasema hivi bila kumvunjia heshima, kwa sababu waliotusimulia hawakulificha. Zurara aliogopa mbwa. Aliogopa radi. Alipokwenda machinjioni kutafuta ngozi, aligeuza uso pembeni na kuuliza bei huku akitazama ukuta. Watoto wa mtaani walijua kuwa ukimnyemelea na kupiga makofi nyuma yake, atadondosha chochote alichokishika. Naye hakuwakasirikia. Alicheka pamoja nao, kisha akainama kutafuta sindano yake mchangani.

Mji huo ulitawaliwa na Amiri Mahlabu, mtu ambaye hasira yake ilikuwa karibu na subira yake ilikuwa mbali. Kati ya Darzawa na Bonde la Ghadira palikuwa na chemchemi ambayo watu wa pande zote mbili waliitumia tangu enzi za mababu. Mwaka mmoja mvua ikakosekana. Watu wa Ghadira wakaizungushia chemchemi ile ukuta wa mawe, wakawa wananywesha mifugo yao kwanza na kuwaachia wenzao tope. Amiri akatuma mjumbe, na mjumbe akarudi na majibu ya kuudhi. Basi ikapigwa mbiu sokoni: kila mwanamume aliyebaleghe na mwenye viungo vizima afike uwanja wa ngome baada ya sala ya Ijumaa, apokee mkuki. Atakayekataa, shingo yake ni halali kwa upanga.

Mbiu hiyo waliipamba kwa majina matukufu, kana kwamba vita ni vya dini. Lakini watu wa Ghadira walielekea kibla kilekile, na wengi wao walikuwa wajomba na wakwe wa watu wa Darzawa.

Zurara alikuwa amekaa mlangoni pa duka lake mbiu ilipopita. Aliisikia hadi mwisho. Alifunga duka kabla ya alasiri, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akarudi nyumbani akiambaa na kuta.

Mkewe, Bi Unaisa, mama wa binti yao Haniya, alikuwa akipepeta shayiri. Alimtazama usoni, akaweka ungo chini.

"Nimeisikia," akasema mkewe. "Sasa nisikilize, Baba Haniya. Utakwenda. Utasimama nyuma kabisa. Watu wakipiga kelele, nawe piga kelele. Wakirudi, rudi. Hakuna atakayekuhesabia ulichofanya."

Zurara akakaa kitako. 

"Nikipewa mkuki, Mama Haniya, nimepewa ili nimchome mtu."

"Usimchome! Nani atajua?"

"Atakuja mtu mbele yangu naye anaogopa kama mimi. Ama nimchome, ama anichome. Moyo wangu umekataa. Nimeuuliza njia nzima toka sokoni, umekataa. Siwezi kuitoa roho ambayo sikuitia mimi."

Bi Unaisa akacheka kicheko cha mtu aliye karibu kulia. "Subhanallah! Mimi sikuolewa na shujaa. Niliolewa na mtu anayemkimbia mbwa wa jirani. Leo huu ukaidi umeupatia wapi?"

"Sijaupata," Zurara akasema. "Naogopa kama siku zote. Nikienda naogopa, nisipokwenda naogopa. Ila khofu moja ni ya upanga, na nyingine ni ya kusimama mbele ya Mola wangu nikiwa na damu mikononi. Ile ya pili ni kubwa kidogo. Ni kidogo tu, mke wangu. Niombee isipungue."

 Bi Unaisa aliuchukua ungo wake akaendelea kupepeta, lakini shayiri ilikuwa ikimwagika nje ya ungo, naye haoni.

Ilipofika Ijumaa, uwanja wa ngome ulijaa. Mikuki ilikuwa imeegemezwa ukutani kama kuni, na mkuu wa jeshi, Jundubu bin Kaabi, ndiye aliyekuwa akiigawa kwa mkono wake. Jundubu alikuwa mtu wa vita tangu ujana, mwenye kovu lililotoka sikioni hadi kidevuni, lakini hakuwa dhalimu. Wanaume wakapita mmoja mmoja. Kila aliyepokea mkuki alisema, "Nimesikia na nimetii," akaenda kusimama safuni.

Zamu ya Zurara ikafika. Jundubu akanyoosha mkuki. Zurara hakuupokea. Mikono yake alikuwa ameificha ndani ya mikono ya kanzu, na watu waliokuwa karibu waliona kanzu yenyewe ikitikisika.

"Pokea," akasema Jundubu.

"Nisamehe, ewe mkuu. Siwezi kupokea."

"Mkono unauma?"

"Mkono ni mzima. Moyo wangu ndio unaokataa kuua."

 Yakaanza manong'ono, na manong'ono yakawa matusi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Damu yetu ni maji, yake ni asali?" Mwingine akamtupia kibonge cha udongo, kikampata begani.

Pembeni mwa uwanja, miongoni mwa wanawake waliokuja kuwaaga watu wao, alikuwapo mjane aliyeitwa Bi Hubaisha. Mwanawe wa pekee, Thumama, mchunga ngamia, alikuwa amekwisha kupokea mkuki na kuingia safuni. Bi Hubaisha akaupita ule umati, akamsimamia Zurara uso kwa uso.

"Mwanangu ndiye jicho langu lililobaki," akamwambia. "Anakwenda. Hakusema moyo wake unataka wala hautaki. Wewe ni nani hata moyo wako uulizwe?"

 Zurara hakutaka kumpa mama yule neno la uongo la kumpoza. Akainamisha kichwa.

Jundubu akamshika mkono akamvuta kando, nyuma ya nguzo ya lango, wasikoweza kusikiwa.

"Nisikilize, mshona viriba," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nimeona waoga wengi, sikulaumu. Nitatangaza kwamba goti lako ni bovu. Wewe chechemea tu ukitoka hapa, ukakae nyumbani na mkeo. Amiri hatauliza zaidi."

Ndugu zangu katika imani, hebu tuutazame mtihani huu vizuri. Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa wazi. Zurara aliuona. Wanasimulia kwamba goti lake lilianza hata kujikunja lenyewe, kana kwamba limekwisha kukubali. Akalinyoosha.

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri," akasema. "Lakini goti hili ni zima. Nikisema ni bovu, kesho nitasujudu kwa goti gani?"

"Basi utakatwa kichwa, ewe mpumbavu! Unaogopa mkuki, humwogopi mkata vichwa?"

"Namwogopa sana. Tafadhali usinikumbushe."

Jundubu akauliza, "Na watu wa Ghadira wakija wakaingia nyumbani kwako, wakamshika mkeo na bintiyo? Hapo napo moyo utakataa?"

Zurara akafikiri, na jasho likimtiririka. "Sijui, mkuu. Sitakudanganya. Siku hiyo sijui nitafanya nini. Ninachokijua ni cha leo. Na leo wao wako kwao, sisi ndio tunaokwenda."

Jundubu akaachia mkono wake. Hakuwa na la kumfanyia tena ila kumpeleka kwa Amiri.

Amiri Mahlabu alikuwa barazani akila zabibu. Aliposikia habari, aliweka bakuli chini.

"Utiifu ni haki yangu juu yako," akamwambia. "Wakataa haki yangu?"

"Ya Amiri, haki yako siikatai," Zurara akajibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba walinzi waliinama ili waisikie. "Ukitaka nichimbe visima, nitachimba. Ukitaka nishone viriba usiku na mchana kwa ajili ya wenye kiu, nitashona. Ukitaka niende huko huko vitani nikawanyweshe majeruhi, nitakwenda, nami nitawanywesha wa pande zote mbili. Ila kuua, hilo halimo mikononi mwangu kukupa. Lina Mwenyewe."

"Maji ya Darzawa uwanyweshe adui zangu?"

"Aliyelala chini anatoka damu, ya Amiri, mimi sijui kumwita adui."

Watu wa barazani wakatazamana. Amiri akainuka, uso umemwiva. Wote walidhani ataita upanga, na Zurara mwenyewe alifumba macho akaanza kutamka shahada. Lakini Amiri alikuwa na ukatili wa namna nyingine. Akatabasamu.

"Huyu hatauawa na mimi," akasema. "Mfungeni hadi siku ya safari. Siku ya vita mtieni safu ya mbele kabisa, na mkuki mumfunge kiganjani kwa ukanda, asipate kuuangusha. Nyuma yake asimame mtu mwenye upanga. Akirudi hatua moja, amkate. Tutaona basi, mkuki wa Ghadira utakapomwelekea kifuani, kama moyo wake utaendelea kuzungumza au mkono wake ndio utakaozungumza."

Wakamtia katika chumba kilicho chini ya ngome. Na hapa wasimulizi wameeleza jambo ambalo baadhi ya watu hupenda kuliruka. Wanasema Zurara hakukaa humo kama simba, wala nuru haikushuka juu yake. Alitetemeka. Kila kufuli lilipolia alijikunyata pembeni. Chakula kilimshinda. Alisali, na katikati ya sala akasahau alipofika, akaanza upya. Baya zaidi ya yote, shaka ilimwingia. Alijiuliza, "Je, mimi namcha Mola wangu, au naogopa kufa tu na uoga wangu nimeuvika kilemba cha uchamungu?" Swali hilo lilimtesa kuliko giza lile, kwa kuwa hakuweza kulijibu. Alisema tu, "Ewe Mola wangu, Wewe wajua kilichomo moyoni mwangu, mimi sikijui. Kama ni uoga, nisamehe. Kama ni kukucha Wewe, nisimamishe."

Jeshi likaondoka. Zurara alitembezwa jangwani mikono imefungwa, akifuatwa na mtu mwenye upanga aliyeamriwa asimtoe machoni. Mchana jua liliunguza mchanga, na watu hawakuimba kama jeshi liimbavyo. Kila mtu alikuwa akimfikiria mtu fulani upande wa pili. Thumama mwana wa Bi Hubaisha alipita karibu na Zurara mara moja, akamtupia jicho. Hakumtukana. Alitaka kusema neno, midomo ikamcheza, kisha akamhimiza ngamia wake akaenda.

Walifika karibu na chemchemi, na alfajiri, baada ya sala, safu zikapangwa. Jeshi la Ghadira lilikuwa limekwisha kujipanga mbele ya ukuta wao wa mawe. Umbali uliokuwa kati yao ulikuwa mdogo kiasi cha kuwezesha mtu kumtambua mwenzake. Upande wa kulia wa jeshi la Darzawa uliwekwa nyuma ya kilima cha mchanga, ambako Thumama alikuwa. Zurara alitiwa katikati, safu ya mbele. Wakamfungua mikono, wakamtia mkuki kiganjani, wakaufunga kwa ukanda wa ngozi, wakauzungusha kwenye kifundo cha mkono mara kadhaa na kuukaza.

Kabla ya vita kila mtu aligawiwa maji kidogo ya kunywa. Zurara alipewa yake katika kibuyu. Koo lake lilikuwa kavu kama chokaa. Alikitazama kibuyu, akautazama ukanda. Maisha yake yote alikuwa ameishika ngozi, alijua ikilowa hulegea. Akayamimina maji yale yote juu ya ukanda, polepole, asipoteze hata tone. Kisha akaanza kuuvuta kwa meno.

"Unafanya nini?" aliyekuwa nyuma yake akauliza.

Fundo likalegea. Mkuki ukaanguka mchangani.

"Okota!"

"Siokoti."

"Nitakukata, Wallahi!"

"Umeamriwa unikate nikirudi nyuma," Zurara akasema, na meno yakimgongana. "Sirudi."

Na kweli hakurudi, lakini wala hakuweza kwenda mbele. Nyuma yake palikuwa na upanga, mbele yake palikuwa na mikuki iliyoinuliwa.  Wasimulizi wanasema alijikojolea, na wengine wakamwona, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja alijua mwili wake mwenyewe ulikuwa unataka nini.

Mbele yake, upande wa Ghadira, alisimama mtu mpana mwenye ndevu za hina. Mtu yule alikuwa amemkazia macho, akimchagua. Baadhi ya watu husema kwamba alichofanya Zurara hapo kilikuwa hekima aliyofunuliwa. Yeye mwenyewe, alipoulizwa baadaye, alikana. Alisema, "Hapakuwa na hekima. Mtu alinitazama usoni. Mtu akikutazama usoni, unamsalimu. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya."

Akasema, kwa sauti iliyokatika katikati, "Assalamu alaikum."

Mtu wa ndevu za hina hakufikiri. Ulimi wake ulikuwa umezoea tangu utotoni. "Wa alaikumu ssalamu warahmatullahi," akajibu. Kisha akashtuka kwa kile alichokisema. Mkuki wake ukashuka kidogo. Alikuwa amemtakia mtu amani na rehema ya Mwenyezi Mungu, na sasa angemchomaje?

Aliyekuwa kushoto kwa Zurara, ambaye hadi saa ile hakuwahi hata kumwangalia, akalisikia jibu lile.  Naye akatoa salamu kwa aliyekuwa mbele yake, kwa sauti ya juu zaidi. Ikajibiwa. Ikaenda salamu na kurudi, ikapita kwenye safu ya kati, ya woga, ya kukwaruza, nyingine ikiambatana na majina: "Assalamu alaikum, mjomba!" "Wa alaikumu ssalamu, mwanangu, hujambo?" Na wapo waliolia.

Juu ya kilima kile cha mchanga, Amiri aliyekuwa akiangalia vita akainua bendera, ishara ya kushambulia. Jundubu, aliyekuwa juu ya farasi mbele ya safu ya kati, aliiona. Alikuwa amezisikia salamu pia. Hakutoa amri. Alibaki ameshika hatamu, na kovu lake likiwa jeupe.

Lakini wale wa upande wa kulia, nyuma ya kilima cha mchanga, hawakusikia chochote. Wao waliiona bendera tu. Wakapiga kelele, wakatoka mbio, wakawaangukia watu wa Ghadira waliokuwa upande ule. Jundubu alipoona hivyo akampiga farasi wake, akaenda akipaza sauti, "Rudini! Rudini! Wameitikia salamu!" Akajitia katikati yao hadi farasi wake akachomwa, akaanguka naye, akainuka, akaendelea kuwatenganisha kwa mikono. Mpaka jua lilipochomoza, watu wa pande zote mbili walikuwa wamelala mchangani. Thumama mwana wa Bi Hubaisha alikuwa miongoni mwao, mkuki wake ungali mkononi.

Zurara alichukua viriba vya jeshi akazunguka akiwanywesha waliokuwa bado wanapumua. Hakuna aliyemzuia. Alilia njia nzima.

Siku hiyohiyo wazee wa pande mbili wakakaa, ukuta wa chemchemi ukabomolewa, na maji yakagawanywa kwa zamu. Amiri alikubali kwa sababu jeshi lake la kati halikuwa tayari tena kumtii. Lakini hasira yake ilihitaji mtu wa kuilipia. Jundubu akavuliwa uongozi. Zurara akarudishwa chini ya ngome, na Amiri akaapa kwamba atakatwa kichwa siku atakayoipenda yeye, bila kuitaja siku.

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Kila asubuhi mlinzi alipotikisa funguo, Zurara alidhani ndiyo siku. Alitawadha, akasali rakaa mbili za kuaga dunia, akangoja. Mlinzi akampa mkate akaenda zake. Kesho yake vivyo hivyo. Misimu ikapita juu ya ngome ile, nywele zake zikawa nyeupe angali kijana. Bi Unaisa alimletea chakula kila aliporuhusiwa, wakashikana vidole kupitia vyuma vya dirisha dogo, na hakumwambia tena maneno ya kusimama nyuma ya safu.

Siku moja, wakati wa dhuha, jua likiwa limepanda, aliyekuja dirishani hakuwa Bi Unaisa. Alikuwa Bi Hubaisha. Zurara alipomtambua alirudi nyuma hadi ukutani. Alimwogopa mama yule kuliko mkata vichwa.

"Usikimbie," Bi Hubaisha akamwambia. "Sikuja kukulaani. Nilikulaani sana, nimechoka."

"Mama yangu," Zurara akasema, "nilimwona Thumama njiani. Alikuwa anataka kuniambia neno. Hakulisema."

Bi Hubaisha akashika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka.

"Nilikuuliza uwanjani, wewe ni nani hata moyo wako uulizwe," akasema. "Nimelala na swali hilo tangu siku waliyoniletea mwanangu. Mwanangu naye alikuwa na moyo. Amiri hakumuuliza. Jundubu hakumuuliza. Mimi niliyembeba tumboni sikumuuliza. Nilimfunga kilemba nikamwambia, nenda. Labda angesema anataka kwenda. Labda. Lakini sasa sitajua kamwe neno lile lilikuwa nini."

Wakalia wote wawili, yeye nje na Zurara ndani.

Haukupita muda mrefu Amiri Mahlabu akashikwa na homa, akafa, kama wanavyokufa wanaoapia vichwa vya watu. Akatawala mtoto wa nduguye, Amiri Wathila, aliyekuwa mpole wa kusikiliza. Siku ya kwanza ya baraza lake, watu walimiminika kuomba haja zao. Bi Hubaisha akaja ameshikana mkono na Bi Unaisa.

"Omba, mama," Amiri akamwambia. "Najua umetoa mwana. Omba utakacho."

"Nina maombi mawili, ya Amiri. La kwanza, mfungue mshona viriba. La pili, tangu leo usimpe mtu mkuki kabla ya kumuuliza, mbele ya kadhi, kama moyo wake unaridhia. Na atakayesema hauridhii asipigwe, asitukanwe, wala asifungwe. Apewe kazi nyingine ya kuutumikia mji."

Mshauri mmoja akadakia, "Mama, kila mtu atakataa! Mji utalindwa na nani?"

"Utalindwa na watakaoridhia," Bi Hubaisha akamjibu. "Na kama hakuna hata mmoja atakayeridhia, baba, basi huenda vita vyenyewe havifai. Siombi hisani hapa. Naomba haki. Moyo wa mja ni wa Aliyeuumba. Mwanangu alinyimwa haki hiyo, na hakuna hazina yenu itakayomrudishia."

 Amiri Wathila akamwita kadhi, wakashauriana, na ikapigwa mbiu nyingine sokoni, palepale ilipopigwa ile ya kwanza. Na inasemekana kwamba baada ya hapo wengi waliridhia walipoulizwa, na wachache walikataa. Waliokataa wakapewa kazi ya kuchimba visima na kuuguza wagonjwa wa tauni iliyoingia mjini baadaye, na baadhi yao walikufa kwa tauni hiyo, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Zurara alifunguliwa. Alipotoka mlangoni mwa ngome mwanga ulimtisha, akasimama akiwa amejiziba uso. Jundubu, aliyekuwa amekuja kumpokea, akamshika begani akamuuliza jambo ambalo wengi walitaka kulijua.

"Hebu niambie, ndugu yangu. Mimi nimepigana maisha yangu yote. Uliishindaje khofu ile?"

"Sikuishinda," Zurara akasema. "Nilikataa nikiwa nayo."

Ndugu zangu, hiki ndicho kisa cha mja huyu mwema, kama tulivyokipokea. Tusidhani kwamba waja wa Mwenyezi Mungu ni wale tu wasiotetemeka. Na enyi mliopewa mamlaka juu ya watu, hata kama ni juu ya nyumba moja tu, jueni kwamba mmepewa kuwaongoza na kuwalinda, lakini funguo za vifua vyao hamkupewa. Kabla hujamtia mwanadamu silaha mkononi na kumwambia, nenda ukaue, muulize. Kisha unyamaze, ulisikie jibu lake angali hai wa kulisema.